Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Leo mvua ya Bergen imetupa nusu siku,
nami nimelala chali chini ya Amazon ya baba,
Volvo ya mwaka sitini na sita,
rangi ya njegere zilizochemshwa mno,
maji ya mtaa mzima yakinipita mgongoni
yakitafuta bandari.

Mtaa wetu haujui tambarare.
Hata yai likikuponyoka jikoni kwa mama
linajua pa kwenda.

Breki ya mkono ya gari hili haikai katikati.
Iko kushoto, kati ya kiti na mlango;
unainama kuivuta
kama mtu anayeokota kitu alichokificha mwenyewe.
Zamani ilishika kwa meno matano.
Nilipofika miaka tisa nayo ilitaka tisa,
tukakua pamoja hadi kumi na nne,
kisha ikawa inavutika tu, kwararara, mpaka mwisho,
kama shemeji anayeitikia ndiyo, ndiyo,
na hajasikia neno.

Oktoba moja gari likaondoka lenyewe.
Halikuwasha taa, halikuaga.
Lilishuka kinyumenyume, kwa adabu,
likaketi juu ya mawaridi ya Ragnfrid.
Baba akatoka na soksi, akalitazama,
akasema, "Kesho nitaitengeneza,"
akang'oa jiwe bustanini
akaliweka nyuma ya gurudumu.

Kesho ile ilidumu miaka kumi na tisa.

Kila jioni: injini kimya, mlango, hatua tatu,
jiwe. Tup.
Mama, Gudveig wa dirishani,
kwa tup ile alijua aipue viazi.
Sisi watoto tulimcheka baba. Mtaa ulimcheka.
Arnljot na jiwe lake, walisema,
wamefunga ndoa.

Sasa gurudumu nimelivua, na ngoma imegoma.
Naigonga kwa nyundo ya mbao, nazunguka, nagonga tena,
hadi inatoka na kikohozi cha vumbi jekundu.
Ndani, viatu vya breki vimelika upande mmoja.
Kebo imeganda ndani ya ala yake
kama upanga wa mtu aliyeghairi vita.
Na springi, ile ndogo, iliyokatika,
imefungwa kwa waya wa shaba.

Nausogezea tochi.
Waya umesokotwa kuelekea kushoto.
Katika nyumba yetu, mashoto alikuwa mmoja.

Kumbe alijaribu.
Si mara moja: chini ya shaba kuna waya mwingine, mweusi,
na chini yake kipande cha uzi wa kuvulia samaki.
Alijaribu, ikakataa, akafunika,
akatoka nje na jiwe lake
akatuacha tucheke.

Namwita mama. Anainama na mwavuli, anatazama kwa muda mrefu.
"Alikuwa akishuka gereji usiku," anasema.
"Nilidhani anavuta sigara."

Springi mpya. Kebo mpya, grisi hadi kwenye kucha.
Kitabu cha gari kina maneno makavu;
nayageuza niweze kuyakariri kwenye baridi hii:

Kaza nati taratibu, gurudumu likigoma,
rudi nyuma kwa hesabu, upya lianze kuhema.

Nakaza. Linagoma.
Narudisha. Linahema.
Waya wa shaba nautia mfukoni, sijui kwa nini.

Mama anaketi kwenye kiti cha dereva,
yeye ambaye hakuwahi kuendesha,
anainama kushoto, anavuta.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Tano.
Nateremsha jeki, naondoa mikono.
Mteremko wote unalisukuma gari letu,
na gari linakaa,
maji yakiligawanya kama kisiwa.

Mama anashuka. Mlango. Hatua tatu.
Analiokota jiwe, analipindua,
tumbo lake limeota kuvu,
analipima mkononi kama mkate.

Kisha analirudisha palepale. Tup.

"Haya," anasema, "viazi."